Zilipendwa na Nani? Hamu ya Wakati Uliopita katika Filamu Tatu za Ujana wa Shule: American Graffiti, Cooley High na Dazed and Confused

Ikisiri

Makala hii inalinganisha filamu tatu za Marekani zinazosimulia siku za mwisho za vijana wa shule ya sekondari katika enzi iliyokwisha kupita wakati filamu hizo zilipotengenezwa. Filamu hizo ni American Graffiti (1973), Cooley High (1975) na Dazed and Confused (1993). Hoja kuu ni kwamba hamu ya wakati uliopita haigawiwi sawa kwa wahusika wote. Anayeweza kuukumbuka ujana wake kwa furaha ni yule ambaye utundu wake haukumgharimu sana, na ambaye msimulizi amemtengea mustakabali. Hoja hiyo inajengwa kwa kuchunguza mambo matatu: namna filamu zinavyosawiri makosa ya vijana mbele ya polisi, matumizi ya nyimbo za zamani, na namna kila filamu inavyomalizika. Makala inahitimisha kwamba Cooley High, ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa toleo la watu weusi la American Graffiti, kwa kweli inaihoji ile ya kwanza, na kwamba Dazed and Confused inaihoji hamu yenyewe bila kuweza kujitoa ndani yake.

1. Utangulizi

Wasikilizaji wa redio wa Afrika Mashariki wana neno lao la nyimbo za enzi zilizopita: zilipendwa. Kisarufi, neno hilo ni kitenzi katika kauli ya kutendwa na wakati uliopita, nalo halimtaji mtenda. Linaeleza kwamba nyimbo hizo zilipendwa, lakini halisemi zilipendwa na nani, wala kama waliozipenda wote wangali hai kuzisikiliza tena. Uwazi huo wa kisarufi unafaa kuwa mlango wa kuingilia katika aina moja ya filamu ambayo imeshamiri katika sinema ya Marekani tangu muongo wa 1970, yaani filamu inayorudi katika shule ya sekondari ya enzi nyingine, ikiambatana na nyimbo, magari na mavazi ya enzi hiyo.

Filamu tatu zinazochunguzwa hapa zinafanana kimsuko. Zote zinahusu kipindi kifupi kilicho mpakani mwa maisha ya shule na maisha ya utu uzima. American Graffiti, iliyoongozwa na George Lucas, inatukia katika usiku mmoja mwishoni mwa kiangazi cha 1962 katika mji wa Modesto, California. Cooley High, iliyoongozwa na Michael Schultz kutokana na mswada wa Eric Monte, inatukia Chicago mwaka 1964, miongoni mwa vijana weusi wanaoishi karibu na majengo ya makazi ya umma ya Cabrini-Green. Dazed and Confused ya Richard Linklater inatukia Texas katika siku ya mwisho ya mwaka wa masomo, mwezi Mei 1976, na usiku unaoifuata.

Filamu hizi zinafanana pia katika uhusiano wake na watungaji. Lucas alizaliwa mwaka 1944, akakulia Modesto na kumaliza shule mwaka 1962. Monte alikulia Cabrini-Green. Linklater alizaliwa mwaka 1960, hivyo mwaka 1976 alikuwa na umri wa wahusika wake. Kila mmoja anaandika juu ya mahali na wakati anaoujua. Umbali kati ya wakati wa hadithi na wakati wa utengenezaji ni miaka 11 kwa filamu mbili za kwanza na miaka 17 kwa ya tatu. Kwa hiyo, hadhira ya mwanzo ilikuwa na watu wengi waliokuwa wameyaishi yale yaliyoonyeshwa, na waliojua yaliyofuata.

Ujuzi huo wa yaliyofuata ndio kiini cha ulinganisho huu. Mhusika wa 1962 hajui kuwa Rais Kennedy atauawa mwezi Novemba 1963, wala hajui kuwa vita vya Vietnam vitawachukua vijana wa rika lake. Mtazamaji wa 1973 anayajua yote hayo. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hukiita kinaya cha kidrama kile kinachotokea hadhira inapojua jambo ambalo mhusika halijui. Filamu ya hamu ya wakati uliopita imejengwa juu ya kinaya hicho kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tofauti baina ya filamu hizi inatokana na namna kila moja inavyoutumia ujuzi huo, na ni wahusika gani inaowahesabu inapoutumia.

2. Msingi wa kinadharia

Neno la kitabibu lililokuja kutumika katika lugha za Ulaya kwa hamu hii liliundwa na Johannes Hofer katika tasnifu yake aliyoiwasilisha Basel mwaka 1688, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kurejea nyumbani na maumivu. Hofer aliichukulia hali hiyo kuwa maradhi ya watu waliokuwa mbali na kwao, wakiwamo askari wa Uswisi. Katika karne zilizofuata, maana ilihama kutoka mahali kwenda wakati. Mgonjwa wa Hofer angeweza kupona kwa kurudishwa kwao, lakini anayetamani wakati uliopita hana safari ya kumrudisha.

Svetlana Boym, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya mustakabali wa hamu hiyo, alitofautisha namna mbili. Ya kwanza ni hamu ya kurejesha, ambayo hutaka kujenga upya nyumba iliyopotea na hujiona kuwa ni ukweli wenyewe. Ya pili ni hamu ya kutafakari, ambayo hukaa ndani ya maumivu ya kupoteza, hukubali kuwa nyumba haipo tena, na inaweza kuwa na kejeli juu yake yenyewe. Boym hakuzichukulia namna hizi kuwa masanduku yaliyofungwa. Kazi moja ya sanaa inaweza kuwa na zote mbili.

Fredric Jameson, kwa upande wake, aliitaja American Graffiti kuwa filamu iliyofungua njia ya mtindo aliouhusisha na utamaduni wa usasaleo. Kwa mtazamo wake, filamu za namna hii huifikia historia kupitia mitindo: gari linalong'aa, rangi ya mavazi, wimbo wa redio. Zamani inakuwa mkusanyiko wa picha za kuvutia, huku historia yenye migogoro na sababu zake ikififia.

Hoja ya Jameson ina uzito, lakini inaacha pengo. Inauliza kama filamu inaijua historia, wala haiulizi ni wahusika gani ndani ya filamu wanaoruhusiwa kubaki nje ya historia. Kijana anayeweza kuuishi usiku mzima kana kwamba hakuna siasa, hakuna umaskini na hakuna polisi wa kuogopa, tayari ana nafasi fulani katika jamii. Kwa sababu hiyo, makala hii inaongeza swali la gharama kwenye tofauti ya Boym: katika kila filamu, ujana unaotamaniwa ulimgharimu nani, na kiasi gani?

3. Utundu na gharama yake

Kila moja ya filamu hizi ina matukio ambayo vijana wanavunja sheria, na katika kila moja gari lina nafasi kubwa. Kuyaweka matukio hayo bega kwa bega kunaonyesha tofauti ambayo mfanano wa msuko huificha.

Katika American Graffiti, Curt Henderson anajikuta mikononi mwa kundi la vijana wakorofi linalojiita Pharaohs. Anashiriki katika wizi wa sarafu za mashine za michezo, kisha anatakiwa kufunga mnyororo kwenye ekseli ya gari la polisi. Polisi wanapoondoka kwa kasi kulifukuza gari jingine, sehemu ya nyuma ya gari lao inang'oka. Tukio hilo ni la kuchekesha, na halina matokeo yoyote kwa Curt. Anabaki na ufadhili wake wa masomo na tiketi yake ya ndege. Vivyo hivyo, gari alilokabidhiwa Terry na rafiki yake Steve linaibwa, naye anapigwa na wezi anapolikuta, lakini gari linarudi. Hata mashindano ya mwisho ya magari katika barabara ya Paradise, ambapo gari la Bob Falfa linapinduka na kushika moto, yanawaacha wote wakiwa hai. Lucas mwenyewe aliponea chupuchupu katika ajali ya gari mwezi Juni 1962, siku chache kabla ya kumaliza shule. Filamu yake inaugeuza uzoefu huo kuwa kanuni: usiku huu, kila kosa linasameheka.

Katika Cooley High, vijana hawana magari. Mwanzoni wanadandia nyuma ya basi ili wasafiri bila kulipa. Baadaye Preach na Cochise wanaingia katika gari aina ya Cadillac pamoja na Stone na Robert, na gari hilo ni la wizi. Preach anashika usukani, polisi wanawafukuza, na mbio hizo zinapigwa picha kwa mtindo wa vichekesho usiopishana sana na ule wa Lucas. Mtazamaji anacheka. Hata hivyo, hapa kicheko kina deni. Vijana wanakamatwa. Mwalimu wao, Mason, anafanikiwa kuwatoa Preach na Cochise, ilhali Stone na Robert wanabaki kizuizini. Hao wawili wanaamini kwamba wenzao wamewasaliti kwa polisi. Wanapotoka wanamtafuta Preach, na hatimaye wanampiga Cochise mpaka anakufa, chini ya reli ya treni inayopita juu ya barabara. Cochise alikuwa amekwisha kupata ufadhili wa kucheza mpira wa kikapu katika chuo cha Grambling.

Inafaa kusisitiza kwamba kitendo chenyewe ni kilekile: vijana, gari, polisi, usiku wa starehe. Ufadhili wa masomo nao umo katika filamu zote mbili. Kilichobadilika ni mtaa. Katika Modesto ya Lucas, taasisi za watu wazima zinawazunguka vijana kama wavu wa kuwadaka wanapoanguka. Katika Chicago ya Schultz na Monte, wavu huo unamtegemea mwalimu mmoja mwenye huruma, na huruma yake, kwa kuwa haikuwafikia wote wanne, ndiyo inayozaa shuku inayoua. Mwalimu hakufanya kosa. Aliokoa aliowaweza. Filamu inaonyesha kwamba pale ambapo wokovu ni wa wachache, kuokolewa kwenyewe kunaweza kuonekana kama usaliti.

Dazed and Confused inarudi katika hali ya usalama ya filamu ya kwanza, lakini kwa macho mengine. Vijana wanavunja visanduku vya barua kutoka ndani ya gari linalokwenda, na mwenye kisanduku kimojawapo anawatishia kwa bastola. Wanatoroka na kisa kinageuka kichekesho. Karibu na alfajiri, polisi wanawakuta baadhi yao katika uwanja wa mpira wa shule wakivuta bangi. Badala ya kuwapeleka kituoni, wanamwita kocha. Kwa polisi hao, suala la mchezaji nyota wa timu ni la shule, wala si la mahakama. Linklater hatoi maoni juu ya upendeleo huo. Anauacha uonekane, na anayekumbuka kilichompata Cochise hawezi kutouona.

Ukatili katika filamu ya Linklater unatoka kwa vijana wenyewe. Wanafunzi wanaoingia mwaka wa mwisho wanawawinda wavulana wanaotarajia kujiunga na shule na kuwachapa kwa vibao vya mbao, huku wasichana wakidhalilishwa hadharani kwa kumwagiwa vyakula na kuamrishwa kama watumwa. Watu wazima wanajua na wanaacha. Hamu ya wakati uliopita kwa kawaida hufuta maumivu ya namna hii au huyafanya kuwa mzaha. Filamu hii inaonyesha jinsi ufutaji huo unavyofanyika: Mitch, aliyechapwa mchana, usiku wa siku hiyohiyo anapokelewa na wakubwa, ananywa nao bia, na anaanza kujifunza kuona kwamba mambo ndivyo yalivyo. Mtazamaji anashuhudia kumbukumbu tamu ikitengenezwa juu ya jeraha ambalo bado halijapona.

4. Nyimbo: sauti iliyopo na mwili usiokuwepo

American Graffiti ilikuwa miongoni mwa filamu za mwanzo kujengwa karibu nzima juu ya nyimbo zilizokwisha kurekodiwa badala ya muziki uliotungwa kwa ajili ya filamu. Nyimbo hizo zinatoka redioni, katika kila gari na kila kona, zikiunganishwa na sauti ya mtangazaji Wolfman Jack. Redio inaufanya mji uwe jamii moja inayosikiliza kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Orodha ya wasanii wanaosikika inastahili kuangaliwa. Wamo Chuck Berry, Fats Domino, Frankie Lymon na The Teenagers, na The Platters. Kundi la Booker T. & the M.G.'s, lililokuwa na weupe na weusi, linasikika kabla ya mashindano ya magari. Sehemu kubwa ya hisia za usiku huo wa 1962 imebebwa na sauti za Wamarekani weusi, ilhali katika mitaa ya filamu watu weusi karibu hawaonekani. Filamu yenyewe inaligusa jambo hili mara moja. Carol, binti mdogo aliyejikuta ndani ya gari la John Milner, anasema kuwa anampenda Wolfman lakini mama yake hamruhusu kumsikiliza nyumbani kwa kuwa mtangazaji huyo ni mtu mweusi. Baadaye Curt anakwenda katika kituo cha redio na kumkuta mtu mweupe anayedai kuwa Wolfman hayupo. Anapoondoka, Curt anageuka na kutambua kuwa mtu yule ndiye Wolfman mwenyewe.

Tukio hilo kwa kawaida husomwa kama funzo juu ya ndoto na ukweli. Usomaji huo ni sahihi lakini haujakamilika. Weusi katika filamu hii upo kama sauti tu, na hata sauti iliyodhaniwa kuwa ya mtu mweusi inabainika kuwa ya mtu mweupe. Nyimbo zinapendwa, lakini walioziimba hawamo miongoni mwa wanaokumbukwa. Hapa ndipo swali lililofichwa na kauli ya kutendwa, la zilipendwa na nani, linapopata uzito wake.

Cooley High inaziunganisha upya sauti na miili. Nyimbo zake nyingi ni za kampuni ya Motown, iliyoanzishwa na Berry Gordy huko Detroit mwaka 1959. Zinachezwa katika vyumba vidogo kwenye karamu za nyumbani, na wanaozicheza ni vijana wa jamii ileile iliyozizaa. Zaidi ya hayo, filamu inaweka karibu na furaha ya nyimbo hizo hali halisi ya maisha. Mama yake Preach anataka kumwadhibu mwanawe na kumtuma alete mkanda. Kijana anaporudi nao, mama amekwisha kulala kwa uchovu wa kazi. Onyesho hilo ni fupi na lina ucheshi, lakini linaueleza uchumi wa kaya nzima bila hotuba. Wakati wa msiba wa Cochise, filamu inaacha nyimbo za kuchangamsha na kutumia wimbo mpya wa kuuaga wakati uliopita, ulioimbwa na G. C. Cameron. Wimbo huo haukuwa zilipendwa mwaka 1975, kwa kuwa ulitungwa kwa ajili ya filamu hiyo. Ulikuja kuwa zilipendwa baadaye, hasa baada ya kundi la Boyz II Men kuuimba upya mwaka 1991. Filamu ya hamu ya wakati uliopita ilizalisha yenyewe wimbo ambao kizazi kingine kingeutamani.

Katika Dazed and Confused, nyimbo za roki za muongo wa 1970 zinatumika kwa kinaya zaidi. Mfano ulio wazi ni pale Wooderson, Pink na Mitch wanapoingia kwa mwendo wa taratibu katika ukumbi wa michezo huku wimbo wa Bob Dylan uitwao Hurricane ukisikika. Wimbo huo unahusu Rubin Carter, bondia mweusi aliyefungwa kwa mauaji ambayo alisisitiza kuwa hakuyafanya. Vijana hawasikilizi maneno. Kwao ni mdundo wa kuingilia ukumbini. Tukio hilo linaweza kusomwa kwa namna mbili: ama filamu nayo inautumia wimbo kama pambo, ama inaonyesha jinsi kilio cha dhuluma kinavyogeuzwa kuwa pambo na wale ambao hakiwagusi. Ushahidi wa filamu nzima, inayorudia kuonyesha vijana wasioyatilia maanani yanayosemwa mbele yao, unaelekea kuunga mkono usomaji wa pili.

5. Mwisho wa hadithi na ugawaji wa mustakabali

Mwishoni mwa American Graffiti, Curt anaruka kwa ndege na kuiona chini gari nyeupe ya mwanamke aliyekuwa akimtafuta usiku kucha. Kisha picha za vijana wanne zinatokea juu ya anga ya buluu pamoja na maandishi mafupi. John Milner aliuawa na dereva mlevi mwezi Desemba 1964. Terry Fields aliripotiwa kupotea vitani karibu na An Lộc mwezi Desemba 1965. Steve Bolander ni wakala wa bima Modesto. Curt Henderson ni mwandishi anayeishi Kanada.

Maandishi hayo ni jibu zito kwa wale wanaoiona filamu hii kuwa haina historia kabisa. Vietnam, ambayo haikutajwa usiku kucha, inaingia kwa sentensi moja. Kanada nayo haikuwa nchi ya kawaida mwaka 1973, kwa kuwa ndiko walikokimbilia Wamarekani wengi waliokataa kuandikishwa vitani. Hata wimbo unaofuata wa The Beach Boys una uzito wake: ulitoka mwaka 1964, hivyo haungeweza kusikika katika usiku wa 1962. Kwa wimbo huo filamu imekwisha kuvuka mpaka wa enzi yake, tena kwa kundi ambalo muziki wake Milner aliukataa mapema usiku uleule.

Pamoja na hayo, maandishi yanataja wanaume peke yao. Laurie, Carol na Debbie, waliokuwa pamoja nao usiku kucha, hawana mustakabali. Mhakiki Pauline Kael alikwisha kulilaumu jambo hili. Halipaswi kuchukuliwa kuwa upungufu mdogo wa kiufundi. Maandishi ya mwisho ndiyo mahali ambapo filamu inatamka ni maisha ya nani yanayostahili kuitwa historia. Kutotajwa hapo ni kubakizwa milele katika usiku mmoja, kama gari zuri au wimbo mtamu.

Cooley High inatumia mbinu ileile, lakini maandishi yake yanafanya kazi tofauti kwa sababu kifo kimekwisha kutokea ndani ya hadithi. Baada ya waombolezaji kuondoka, Preach anabaki peke yake kaburini kwa Cochise, anamimina mvinyo na kumsomea rafiki yake shairi. Kisha anaondoka mbio. Maandishi yanayofuata yanaeleza kuwa alikwenda Hollywood na kuwa mwandishi, kwamba Brenda alikuwa mkutubi huko Atlanta, na kwamba Stone na Robert waliuawa katika tukio la ujambazi mwaka 1966. Msichana anahesabiwa. Wauaji nao wanahesabiwa, kwa maana kwamba filamu haiwaachi kuwa vivuli vya uovu. Nao walikuwa vijana wa mtaa uleule, na nao hawakufika mbali.

Ni kweli kwamba Cooley High nayo inauona ulimwengu kwa macho ya wavulana, na Brenda anasawiriwa zaidi kupitia shauku ya Preach. Hata hivyo, kuna tofauti ya msingi. Katika American Graffiti, mtazamaji anapata majonzi baada ya hadithi, kwa habari iliyoandikwa. Katika Cooley High anayapata pamoja na wahusika. Preach si kijana asiyejua yatakayompata. Anapoondoka makaburini amekwisha kuyajua. Kinaya cha kidrama kinavunjika, na mhusika anafikia ujuzi wa mtazamaji kabla filamu haijakwisha. Kwa hiyo hamu ya filamu hii inakaribia ile ambayo Boym aliiita ya kutafakari: inapenda kilichopita bila kudai kuwa kingeweza kurudi.

Dazed and Confused haina maandishi ya mwisho. Inamalizika barabarani asubuhi, Pink na wenzake wakielekea kununua tiketi za onyesho la Aerosmith. Linklater amekataa kugawa mustakabali kwa yeyote. Badala yake ameipandikiza shaka vinywani mwa wahusika. Mwalimu wa historia anawakumbusha wanafunzi wanaokimbilia likizo kwamba sherehe za kutimia miaka 200 ya uhuru wa Marekani zinaadhimisha uasi wa matajiri weupe waliomiliki watumwa na hawakutaka kulipa kodi. Cynthia anatoa nadharia yake kwamba miongo hupokezana, na kwamba wa kwao ni mbaya waziwazi. Pink anasema kwamba akija kuiita miaka hii kuwa bora kuliko yote maishani mwake, wenzake wamkumbushe ajiue. Kinaya kiko wazi: kauli hiyo inasemwa ndani ya filamu ambayo watazamaji wengi wameipenda kwa sababu inaifanya miaka hiyo ionekane bora. Filamu inaonya dhidi ya hamu ambayo yenyewe inaichochea, na haidai kuwa imeshinda.

6. Hitimisho

Ulinganisho huu umeonyesha kwamba mfanano wa nje wa filamu za ujana wa shule, yaani usiku mmoja au siku chache, magari, nyimbo na kuagana, unaweza kuficha tofauti kubwa ya kimaadili. American Graffiti inawapa wavulana wake usiku usio na gharama, kisha inawatoza mwishoni kwa maandishi, na inawasahau wasichana. Cooley High inaonyesha kuwa usiku wa namna hiyo ulikuwa haki ya baadhi ya vijana tu, na kwamba kwa wengine utundu uleule ulikuwa na bei ya uhai. Dazed and Confused inaonyesha jinsi kumbukumbu tamu inavyotengenezwa, pamoja na mambo yanayopaswa kusahauliwa ili itengenezeke.

Kutokana na hayo, kuiita Cooley High kuwa American Graffiti ya watu weusi kunapotosha mwelekeo wa uhusiano wao. Jina hilo linaifanya filamu ya pili kuwa kivuli cha ya kwanza. Zikisomwa pamoja, ni ya pili inayoieleza ya kwanza, kwa kuwa inaonyesha kilichokuwa nje ya fremu ya Modesto: miili ya jamii iliyotoa sauti za redioni, na polisi ambaye hachekeshi mpaka mwisho. Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza American Graffiti katika Rejista ya Taifa ya Filamu mwaka 1995, na Cooley High mwaka 2021. Miaka 26 iliyo kati ya maamuzi hayo mawili ni sehemu ya swali lilelile la nani anakumbukwa na lini.

Uhakiki wa kazi za aina hii, ziwe za sinema au za riwaya, unaweza kunufaika kwa kuacha kuuliza tu kama zamani imesawiriwa kwa usahihi. Mavazi yanaweza kuwa sahihi, magari yakawa sahihi, na nyimbo zikawa zenyewe, lakini hesabu ya watu ikawa na upungufu. Neno zilipendwa halimtaji mtenda, na sarufi inaruhusu hivyo. Mhakiki anapaswa kumtafuta mtenda huyo, na kuuliza yuko wapi wimbo unapopigwa tena.